Zana Kuukuu za Kukagua Diski

Kwa jina la Mola, Mlinzi wa kila amana. Sahibu yangu, sikia ya asubuhi hii!

Unamjua fundi wa kompyuta, mjukuu wa Bibi, mwalimu wetu wa tenzi. Juzi alihamishia sauti ya marehemu babu yake akighani tenzi kwenye diski iliyoandaliwa kwa Linux ya kisasa, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta. Nakala nyingine hana. Hana, sahibu!

Leo zana zake za kukagua diski, programu za zamani, zikaikataa na kutoa ujumbe kwenye kioo. Jasho likamtoka. "Imeharibika, Bibi! Nailazimisha zana iirekebishe."

Bibi, asiyejua hata kuiwasha kompyuta, akamshika mkono. "Ujumbe umeusoma wote?"

"Mstari wa kwanza."

"Mmoja! Nani alikufunza kufasiri ubeti kwa kipande kimoja?"

Fundi akasoma wa pili: diski ina mambo zana hizi hazijui, tafuta toleo jipya. Toleo lile lile alilolikataa miaka mitatu, akijigamba kwamba kinachofanya kazi hakiguswi!

Akasasisha. Diski nzima kama yai! Sauti ya mzee ikajaa chumbani, na Bibi, machozi yakimtoka, akaanza kumkosoa marehemu mahadhi.

Mola amrehemu aliyetangulia, nasi tuliobaki atujaalie subira ya kusoma hadi mwisho.