Gauni la Mjukuu: Kikao cha Nne cha Kikundi cha Lugha, Karakana ya Ushonaji

TAREHE: Jumatano, tarehe 9, saa 10:00 jioni
MAHALI: Meza ya kukatia vitambaa
WALIOHUDHURIA: Mwenyekiti (fundi suti), Bibi Vifungo, Mpiga Pasi, Katibu (fundi mapazia)
ASIYEHUDHURIA: Fundi Magauni. Alitoa udhuru wa safari, ingawa cherehani yake ilisikika chumba cha pili.

KUMB. NA. 1/4: KUFUNGUA
Mwenyekiti alikumbusha kwamba mjukuu wa Bibi Vifungo, binti wa miaka saba aliyezaliwa ughaibuni, atakuja likizo baada ya wiki sita, na Kiswahili hajui hata neno. Kwenye simu yeye na bibi yake huishia kupungiana mikono. Kikundi kiliundwa ili Bibi ajifunze lugha ya mtoto.

KUMB. NA. 2/4: YATOKANAYO
Kikao kilichopita kiliagiza kila kitu karakanani kibandikwe kikaratasi chenye jina lake la kigeni. Mpiga Pasi alikiri kwamba, kwa mazoea ya kazi, alitumia pini, na hakuacha hata nguo za wateja. Bwana harusi mmoja aliingia ukumbini na neno la kigeni la suruali likining'inia nyuma. Mpiga Pasi alijitetea kwamba angalau neno lilikuwa sahihi. Mwenyekiti, aliyeishona suti hiyo, alisema hakuna cha kuchekesha. Wajumbe walicheka.

KUMB. NA. 3/4: KUCHAGUA VIFAA
Mwenyekiti alipendekeza kamusi yake ya ujanani. Bibi alisema herufi zake ni ndogo kama mayai ya chawa. Mpiga Pasi alitetea programu ya simu, ambayo humpongeza mtu kwa kengele. Bibi alieleza kwamba kwa wiki tatu imemfundisha kukata tiketi ya treni.

"Mimi tiketi ya nini, mwanangu? Nataka kumwambia njoo nikupime. Nataka kumuuliza kama ameshiba."

Katibu alipendekeza Bibi ataje sentensi anazozitaka mwenyewe, kisha mwanawe, yaani baba wa mtoto, amrekodie moja kila siku kwa lugha ya mtoto, naye Bibi azisikilize huku akishona vifungo. Mwenyekiti alisema hiyo si elimu. Ilipitishwa kwa kura tatu dhidi ya moja. Kamusi itabaki mezani, ili mwenyewe asinune.

KUMB. NA. 4/4: MENGINEYO
Baba wa mtoto alipigiwa simu ya video papo hapo, akatoa sentensi ya kwanza kwa lugha ya mtoto: njoo nikupime. Bibi aliirudia mara kumi na moja. Mwenyekiti, bila kuombwa, alimsahihisha mara mbili. Kisha mtoto aliitwa, na Bibi akaisema.

Mtoto alimtazama kidogo. Akarudi nyuma hatua mbili, akasimama wima, akanyoosha mikono pembeni.

Bibi alivua tepu shingoni, akabaki ameishika.

Cherehani ya chumba cha pili ilinyamaza. Fundi Magauni alikuja mlangoni, akauliza gauni liwe la rangi gani. Iandikwe kuwa alihudhuria.

Kikao kilifungwa saa 11:10 jioni, wajumbe wakiwa bado hawajaafikiana kuhusu rangi.

Mwenyekiti: ………………    Katibu: ………………