Kifungo cha Bibi wa Assisi

Shangazi Milembe, shikamoo.

Picha nzuri za Ulaya umeshaziona kwenye simu ya pacha wangu Kulwa. Hii ilibaki kwa sababu mimi na bibi huyu wa Assisi, Italia, tumeinama, nyuso hazionekani. Nimeisafisha makusudi nikuandikie nyuma yake.

Siku naondoka Ushetu uliniuliza, "Wazee wa huko wanaamkiwaje?" Hata mimi nilitamani kujua. Basi asubuhi kwaya yetu inasubiri kanisa lifunguliwe, baridi inauma mpaka meno, nikamwona bibi anafagia ngazi zake. Lugha yake siijui, nikapiga goti kama ulivyonifundisha, nikamwamkia kwa Kisukuma: "Mwangaluka!"

Bibi wa watu akadhani nimeangusha kitu! Akaweka ufagio chini, akainama, akawa anapapasa kwenye mawe, nami sijui nimzuieje. Wanakwaya wawili wakaja wakaanza kutafuta nao, bila hata kuuliza tunatafuta nini.

Mwishowe akaokota kifungo chekundu. Akakifuta kwa aproni, akaniwekea kiganjani, akanifumba vidole, kafurahi kweli. Ningekikataaje? Nikapiga goti kushukuru.

Shangazi, akaanza kutafuta upya.

Kwa hiyo wanaamkiwaje, bado sijajua. Kifungo nakuletea, ukishone kwenye gauni lako la Jumapili. Wakikuuliza umekitoa wapi, waambie kimepatikana kwa adabu ulizonifundisha. Mungu akutunze mpaka nifike nikupigie goti wewe, unayelijua.

Mwanao,
Dotto