Gari la Betri: Jipya Litakalokuja au Kuukuu Lililopo

Mpendwa mshauri wa gazeti, Bi Tekla, shikamoo. Naomba msaada, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho hata kama itakuchekesha, maana hapa Temeke wamekwisha kunicheka vya kutosha na nimezoea, ila mke wangu Wahiba hacheki, na ni kwa ajili yake nimeshika kalamu.

Mimi ni mwoka mikate, tanuri nimelirithi kwa marehemu baba, na tangu enzi zake mikate yetu ilitembezwa kwa mkokoteni ambao gurudumu lake la kushoto lilikuwa linalia vibaya sana, hata watu hawakuhitaji kuitwa, wakisikia kile kilio wanatoka wenyewe na vikapu vyao. Sasa Mzungu mmoja mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, njia ya Pugu, anafunga kazi arudi kwao Ulaya, na anauza gari lake la kugawia maziwa, na gari lenyewe, Bi Tekla, halinywi petroli wala halitoi moshi, linakwenda kwa betri tupu, zimo ndani ya visanduku chini ya sakafu, vimepangwa kama mikate tanurini. Siku ya kwanza nilikwenda kulitazama kwa ajili ya biashara, lakini siku zilizofuata, nitasema kweli, nilikwenda kulitazama tu. Nililala chini yake nikatega sikio huku yeye analiendesha taratibu, nisisikie kitu ila mchanga unavyosagika, na aliponiuliza natafuta nini huko chini nikamjibu natafuta moshi, akacheka mpaka akavua kofia.

Basi akaniachia nilijaribu mpaka meli yake itakapoondoka mwisho wa mwezi, likinifaa nilinunue, lisiponifaa nilirudishe. Huku nyuma kuna wakala mmoja mjini amenionyesha picha ya gari la namna hiyo hiyo lakini jipya kabisa, lina vioo na taa mbili kubwa, nikiliagiza litakuja kwa meli, naye anadhani litafika baada ya masika. Tulicho nacho, pamoja na dhahabu ya Wahiba ambayo aliitoa mwenyewe bila kuombwa, kinatosha gari moja tu, na Wahiba ni mjamzito, anatarajia kujifungua kabla ya masika.

Sasa taabu zangu ni hizi. Gari halina sauti, kwa hiyo siku ya kwanza nilipita mtaa mzima na mikate ya moto na hakutoka mtu. Siku ya pili, kule Mtoni, bibi mmoja aligeuka akalikuta nyuma yake, akatupa ndoo ya maji akapiga yowe la mumiani, na wewe wayajua maneno ya watu, kwamba liko gari linalopita kimya kimya likikusanya damu za watu zikatengenezwe dawa. Tangu siku hiyo watoto wakiniona wanakimbilia ndani, na jirani yangu wa miaka yote ananunua mkate kwa kunyoosha mkono kutoka dirishani. Mama yangu, ambaye tunakaa naye, hakuamini yote lakini aliamini nusu, akasema gari la watu wengine haliingii nyumbani bila dua, akaenda kuandikiwa kombe, aya sahanini kwa zafarani na marashi ya mawaridi kama inavyotakiwa, zikaoshwa kwa maji, na Ijumaa nilipokuwa msikitini akafunua sakafu ya gari akatia kidogo katika kila kisanduku, ili kila kimoja kipate chake, nami aliponiambia sikuona ubaya kwa kuwa ni maneno ya Mungu na mama ni mama.

Lakini gari lenyewe sasa linazeeka mbele ya macho yangu. Temeke kwetu umeme haujafika, kwa hiyo jioni nalipeleka Gerezani kwa binamu yangu Hamoud mwenye mashine ya barafu, huko ndiko linakochajiwa, au kama asemavyo Hamoud, kulishwa, nami narudi kwa baiskeli, alfajiri nalifuata tena. Mwanzoni lilikuwa likizunguka na mikate siku nzima, lakini tangu wiki ile ya Ijumaa likifika Chang'ombe linaanza kusinzia, na nilipojaribu kwenda nalo Pugu lilikwama kwenye kilima likasukumwa na watu wa sokoni, na mmoja akasema kwa sauti, "Hili limekosa damu, mnataka liende na nini?"

Wahiba lazima azalie hospitali, daktari amesema hivyo, kwa sababu mara ya kwanza uchungu ulikuwa mgumu na tulichelewa, lori kuukuu tulilolikodi lilizimika pale barabara inapokata reli, mtoto hakuwahi, Mungu ndiye ajuaye, basi hayo yamepita. Sasa kuhusu hofu yake ya mumiani, Bi Tekla, nimefanya kila ninaloweza. Nimemleta sheikh akamweleza kwamba mumiani ni porojo. Nimemleta mkwe wangu, mama yake mzazi, akaketi ndani ya gari akanywa chai mpaka akamaliza buli. Nimemchorea Wahiba betri kwenye karatasi ya kufungia mikate, nikamwonyesha mabamba ya risasi na tindikali na jinsi moto unavyopita. Anasikiliza yote, hata maswali anauliza, na maswali yake ni mazuri kuliko ya Hamoud, kisha anasema lile lile, "Gari lililochoka mie silipandi. Leta jipya, nitapanda siku hiyo hiyo." Nikimwambia jipya halitawahi, anaendelea kukanda unga.

Basi niambie, nirudishe hili kuukuu niagize jipya ili mke wangu apate raha ya moyo ingawa litachelewa, au ninunue hili lililopo na siku ikifika nimpakie kwa nguvu? Na mwanamke aliyeingiwa na hofu ya mumiani hutibiwa kwa nini?

Ni mimi, Masoud, mwoka mikate, Temeke.

Nyongeza: kama unajua kwa nini betri hutoa vipovu ikichajiwa, naomba uniambie pia, Hamoud hajui.

* * *

Mwanangu Masoud, marahaba. Nimecheka, sikufichi, nimecheka mpaka nilipofika pale kwenye reli. Hapo nikaiweka barua yako chini. Nitarudi hapo, lakini tuanze na gari, maana hata wewe ndilo uliloanza nalo.

Mimi sijui betri, kwa hiyo nilikwenda kumuuliza anayezijua, fundi Albano anayetengeneza betri za malori huku mjini. Nilipofika kwenye habari ya kombe aliacha kazi yake akaketi. Betri, mwanangu, inakunywa tindikali yake na maji safi kabisa, yale yanayouzwa duka la dawa, na zaidi ya hapo haitaki kitu. Zafarani inaiua. Marashi yanaiua. Hata maji ya kisima chenu yenye chumvi yangeiua. Kombe ni la binadamu mwenye roho, na mama yako amelitia mahali pasipo na roho ya kuponywa. Usimgombeze, alifanya kwa mapenzi, na wewe uliyejua ukanyamaza una kosa kubwa kuliko lake. Mwambie dua yake tunaihitaji, aisome ameketi ndani ya gari ameshika usukani, na sakafu iwe imefungwa.

Kwa hiyo gari lako halikuzeeka. Limeugua, na ni nyinyi mliolitia ugonjwa, tena likiwa bado ni mali ya mtu. Na hilo jipya la kwenye picha, lingeshuka melini Jumatatu na Ijumaa lingenyweshwa kombe lile lile. Watu husema kipya kinyemi ingawa kidonda, nami sikulaumu kwa kutamani taa mbili kubwa, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Uchungu wa mkeo utafika kabla ya masika na picha haitambeba.

Fanya hivi. Nenda kwa yule Mzungu umwambie habari ya kombe, yote, bila kukata. Atakasirika, au atavua kofia tena, lakini asipande meli hajui. Kisha umpelekee Albano gari, avimwage visanduku, avisafishe, atie tindikali mpya, na visivyofufuka vibadilishwe kwa gharama yako, kwa sababu nyinyi ndio mlioviharibu. Baadaye lipakie magunia ya unga mpaka sakafu ilalamike, upande nalo Pugu. Likienda na kurudi bila kusukumwa na mtu, linunue, usiniandikie tena kuniuliza. Lisiporudi, mrudishie mwenyewe, na mkokoteni wako bado upo. Albano anasema pia kwamba vile vipovu ni hewa inayowaka moto, basi Hamoud asivute sigara karibu na gari linapolishwa, na kama amekuwa akivuta, amshukuru Mungu wake leo hii.

Watu wa Temeke wataacha kukimbia siku utakapoacha kuwatokea kwa nyuma. Funga kengele. Simama mchana kweupe mbele ya baraza, funua sakafu, waache akina mama watie vichwa ndani waone kwamba chini kuna visanduku na si chupa za damu. Yule bibi wa Mtoni mpelekee ndoo mpya na mkate, umwombe radhi. Mimi mwenyewe nitakuja siku moja, kwa kuwa tangu niisome barua yako nina hamu ya kulala chini ya hilo gari nitege sikio, ingawa umri wangu hauruhusu.

Sasa tuzungumze habari ya Wahiba, na hapa sitakubembeleza.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa nikitafuta neno mumiani kinywani mwa mkeo. Sikulipata. Amelisema bibi wa Mtoni, wamelikimbia watoto, jirani amelinyooshea mkono dirishani, mama yako ameliamini nusu. Wahiba hakulisema hata mara moja. Yeye amesema gari lililochoka. Na wewe mwenyewe, katikati ya hadithi yako, umeniambia kwamba alipokuwa katika uchungu mlimpakia katika lori lililochoka, likazimika pale relini, na mtoto wenu akafa hapo. Mabamba ya risasi umeyaelezea vizuri sana, mpaka nami nimeelewa. Mtoto wako umempa maneno machache, ukasema hayo yamepita, ukarudi kwenye betri. Yamepita kwako, Masoud. Mwenzio bado yuko pale relini, anasubiri lori liwake.

Halafu unamletea sheikh kumtoa hofu asiyo nayo. Unamnywesha mamake chai ndani ya gari. Mwanamke ametoa dhahabu yake bila kuombwa, anakuuliza maswali mazuri kuliko ya Hamoud, kisha unaniuliza hutibiwa kwa nini. Hana ugonjwa wa kutibiwa. Amejifunza jambo kwa uchungu, na ana haki ya kuuliza gari litafika au halitafika. Neno la kumpakia kwa nguvu lifute moyoni mwako, nisilisikie tena.

Tena kuna jambo ambalo nashangaa wewe na akili yako yote hukuliona. Gari lako linalala wapi? Gerezani. Mkeo analala wapi? Temeke. Uchungu ukianza jioni, utapanda baiskeli kulifuata gari ambalo labda ndiyo kwanza linaanza kula, na uchungu hausubiri betri ishibe. Hata lile jipya lingelala huko huko Gerezani, kwa sababu Temeke haina umeme wa kulilisha jipya wala kuukuu. Umekuwa ukilumbana na mkeo juu ya gari ambalo siku hiyo lisingekuwepo mlangoni.

Basi mwezi wake ukiingia, asilale Temeke. Mwombe Hamoud na mkewe chumba, waombe kwa heshima, uwapelekee mikate, na Wahiba akakae huko Gerezani pamoja na mama yake. Kutoka hapo mpaka hospitali hata kwa machela mtafika, na reli haipo tena katikati. Mwezi huo gari likae huko huko, na Temeke wataendelea kupata mikate kwa mkokoteni wenye gurudumu linalolia, na nina hakika watafurahi kulisikia. Na kabla ya mwezi huo, gari Albano akishalitengeneza, kila siku utakaporudi nalo salama, pitia mlangoni kwa Wahiba alione. Usimwambie kitu, aone tu kwamba limerudi. Siku atakayotaka kulipanda atalipanda, na asipotaka, mwite dereva wa teksi na usinune.

Lakini hayo yote ni ya kesho. Leo, ukimaliza kusoma hapa, likunje gazeti, uache unga, ukaketi karibu na mkeo. Mwambie, "Wahiba, nisimulie siku ile ya reli." Kisha nyamaza, kimya kama hilo gari lako, mpaka amalize.

Bi Tekla