Moyo wa Ghati na Kovu la Ng'ombe

Boke, msomee na babu.

Ugali nimeufunika kwenye sufuria. Ng'ombe nimeshamkamua. Naenda hospitali kwa mdogo wako Ghati.

Asubuhi baba yako alipiga simu. Ile mashine bado inasukuma damu badala ya moyo wa Ghati, ila damu inajaa moyoni inakosa pa kutokea. Leo daktari anataka kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, atoboe tundu dogo kwenye ukuta wa ndani, damu ipate pa kupita na moyo upumzike. Mimi nikafoka, "Moyo wenyewe mbovu, halafu mnautoboa? Mwambie nimekataa." Nikakata simu, mimi profesa wa darasa la tatu.

Kwenda kukamua, nikaliona lile kovu ubavuni mwa ng'ombe. Siku ile tumbo limemvimba kwa gesi, nani alishika pembe akimpigia babu kelele, "Toboa haraka, gesi itoke"? Si mimi?

Nikampigia baba yako kwamba nimekubali. Akacheka kidogo. "Mama, nilishasaini. Nilikuwa nakuarifu tu."

Basi huyo daktari nitamwamkia mimi shikamoo, hata akiwa kijana.

Kikombe cha Ghati ~~kioshe ukiweke kabatini~~ kiache hapo hapo mezani. Akirudi atakiulizia.

Bibi yako