Kilo Tisa za Baba Shamsia

Jumapili, 4 Oktoba 2015

Asubuhi mawingu mepesi. Moshi wa mashamba yanayochomwa umetanda hadi mlango wa jikoni. Mvua bado inajivuta.

Baba Shamsia amerudi kutoka kikao cha kampeni anatembea kama bwana harusi. Mgombea anakuja Kitanga kwa helikopta! Italala uwanja wa shule siku mbili, kisha Ijumaa saa tano inaruka kwenda Kakonko. Kwa kuwa mapipa yao ya mafuta yamehifadhiwa kwenye ghala letu, mume wangu amepewa kiti. Saady, muuza duka na mnunuzi wa maharage, angani!

Ameniomba nimpigie pasi kanzu nyeupe. Leo. Nikamwambia safari ni Ijumaa. Akasema kanzu ianze kuzoea.

Jumatatu, 5 Oktoba 2015

Jua kali toka saa mbili.

Picha ya helikopta yenyewe ametumiwa kwenye simu. Ndogo! Viti vinne pamoja na cha rubani, pangaboi la majani mawili tu. Nimepanda pale nyuma ya choo ambapo mtandao unakamata, nikasoma habari za ajali zake kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne mpaka bando likaisha.

Nilichoelewa: chuma chenyewe hakina tatizo sana, tatizo ni mikono ya watu. Nyingi zimenasa kwenye waya za umeme. Nyingine rubani kasukuma usukani mbele kwa ghafla, mashine ikawa kama imeishiwa uzito, pangaboi likainama na kukata mkia wake lenyewe. (Kujikata mkia! Nimesoma mara mbili.) Za zamani tangi lilikuwa likipasuka moto unawaka, siku hizi wameweka mfuko wa mpira ndani. Wapo waliopita nyuma bila kuangalia, lile pangaboi dogo la mkiani likawamaliza. Halafu kuna kuzidisha mzigo sehemu za mwinuko, wakati wa joto. Hewa inakuwa nyepesi, mashine inainuka kidogo, inakosa nguvu, inarudi chini vibaya.

Wakati wa chakula nikamsomea yote. Alikuwa anatafuna tu.

Waya? Akasema Kitanga umeme tunausikia redioni, hizo waya atazitoa wapi. Mkiani? Yeye mgeni rasmi, anapita mbele. Moto? Si nimesema wameweka mfuko.

"Na mzigo?"

"Mzigo gani? Mimi nabeba tasbihi."

"Mzigo ni wewe, Baba Shamsia. Juzi zahanati umepimwa presha, ukasimama kwenye mizani ukakutwa na kilo tisini na tatu."

Akasema yule muuguzi anamwonea wivu. Kisha akaongeza ugali.

Jumanne, 6 Oktoba 2015

Joto. Kanzu imepigwa pasi mara ya pili. Shamsia anazunguka uani mikono juu mpaka anaanguka — ndiyo helikopta hiyo. Nimemwambia aache kuanguka. Basi.

Jumatano, 7 Oktoba 2015

Asubuhi ukungu kidogo, mchana anga nyeupe kwa joto.

Imefika saa tisa! Vumbi la uwanja wote liliingia kwenye macho ya wapigakura. Kuku wa mwalimu mkuu hawajaonekana tena. Mgombea akapunga mkono, akina mama wakapiga vigelegele, na Mama Pelagia, kiongozi wa kikundi cha akina mama, akaimba hadi sauti ikakauka. Yeye naye amepewa kiti.

Rubani anaitwa Nickson, kijana mwembamba, mpole, ila kwa kazi yake hana utani. Akawaambia wazi: hapa ni juu, na Ijumaa saa tano joto litakuwa kama hili. Pamoja na mafuta ya kufika Kakonko, abiria watatu wasizidi kilo mia mbili na arobaini kwa jumla. Hataki mtu amtajie kilo za kukumbuka. Anataka mizani.

Watu wote wakageukia upande mmoja. Nani asiyejua mizani ya Saady? Wengine wananunua kwa gunia la lumbesa, limejazwa mpaka limeota kichwa, yeye anapima. Ndiyo sifa yake. Vijana wakaibeba kutoka ghalani mpaka uwanjani kama jeneza la mkubwa.

Msomaji akawa Pasikali, mkulima wa mlima wa pili, ambaye kila msimu maharage yake yanapita pale. Anasoma kama anaita watu msibani.

"Mgombea! Sabini na nane!"

"Mama Pelagia! Sabini na tano!"

Mama Pelagia akarukaruka. Akasema sabini na tano hajaiona toka kabla hajazaa kifungua mimba, aandikiwe cheti. Akina mama wakapanga foleni wapimwe na wao. Pasikali mwenyewe akapanda kwa utani, akakuta themanini na moja.

Kisha mume wangu. "Saady! Themanini na nne!"

Rubani akajumlisha: mia mbili thelathini na saba. Mmepona, akasema. Makofi.

Mimi nilitaka kupiga kigelegele. Kilo tisa kwa siku chache! Nikamtazama. Mwanamume aliyeambiwa na muuguzi apungue, sasa kapungua, si angecheka? Hakucheka. Alikuwa anaitazama ile mizani kama mtu aliyekutana na mke mdogo mbele ya mke mkubwa.

Nyumbani nikamuuliza kilo tisa zimekwenda wapi.

Alivua ndala taratibu sana. Akasema, biashara, Mama Shamsia. Wote wanafanya.

Kwa hiyo ndivyo. Mizani inakula karibu kilo kumi za mkulima katika kila mia. Sikujua. Mimi ni wa nyumbani, ghala ni lake. Nimekaa nikiitazama kanzu ilivyo nyeupe.

Baadaye nikapiga hesabu. Nikirudisha kilo zilizoliwa, watatu hawa ni zaidi ya mia mbili na sitini. Ni sawa na kupakia kiroba cha unga kwa siri, na jogoo juu yake. Nikamsomea tena ile ya hewa nyepesi. Safari hii hakutafuna.

Alhamisi, 8 Oktoba 2015

Asubuhi radi za mbali, mvua hakuna. Jua likarudi na hasira.

Baba Shamsia ameamka na malaria. Malaria gani! Kajifunika blanketi mbili, jasho la blanketi ndilo dalili. Kisha ameagiza chapati.

Nimemwelewa. Asipopanda yeye, mzigo unapungua, helikopta inaruka salama, na mizani inarudi ghalani na siri yake. Nilikiri moyoni kuwa ni akili. Nikampelekea chapati.

Saa kumi ujumbe ukaja kutoka kwa mgombea, aliyekuwa amekwenda Rungwe Mpya kwa gari: anampa Saady pole, na kiti kisipotee. Anataka apande mkulima wa kweli. Pasikali! Ameshapimwa, kwa mizani ile ile, themanini na moja, ni mwepesi hata kuliko Saady.

Ile chapati haikumalizika.

Jua linazama Pasikali huyo mlangoni. "Mwakeye!" — ile salamu ya asubuhi ya wenyeji wa huku, jioni hii, kwa furaha tu. Kaleta mkungu wa ndizi wa kumshukuru mgonjwa. Shati la kanisani analo mkononi, anaomba nimpigie pasi, kwake makaa yamekwisha. Akakaa kwenye benchi, akamwambia Baba Shamsia: "Mzee wangu, Mungu akuponye, lakini asikuponye kabla ya kesho saa tano!" Akacheka mpaka akakohoa. Akauliza ukiwa juu masikio yanauma? Mtu anafumba macho au anaangalia? Mkewe analia toka mchana, watoto wote sita wanataka wapungiwe mkono.

Baba Shamsia alikuwa anajibu "ndiyo, ndiyo" kutoka ndani ya blanketi.

Nilipiga shati pasi. Nilipiga vizuri, kola na yote. Alipoondoka nikamwambia mume wangu: unakwenda gesti kwa rubani wewe, au nakwenda mimi na baibui langu. Akasema nitamwaibisha. Nikasema ndiyo maana nimekupa nafasi ya kwanza.

Akaugeukia ukuta. Nikachukua baibui. Nilikuwa nimeshika komeo la mlango ndipo malaria ikapona.

Amerudi saa nne. Rubani kamsikiliza mpaka mwisho, hakumgombeza. Alimuuliza kitu kimoja tu: mizani inapunguza kiasi gani. Baba Shamsia akajibu inategemea msimu. Hapo rubani akavua miwani.

Uamuzi wake: usiku huu huu Saady airekebishe mizani, na amefanya hivyo, rubani akimulika tochi. Kesho saa tatu wote wanapimwa upya, pale pale uwanjani. Mume wangu akamwomba wapimwe ghalani, kimya kimya. Rubani akakataa. Wamepimwa mbele ya watu, watashushwa mbele ya watu. Akimshusha mtu bila sababu, mgombea atamwuliza. Na wakulima wanakuja wote kuona helikopta ikiruka.

"Nitawaambia mizani ilikuwa imechoka," akasema mume wangu.

"Mizani iliyochoka ingekosea siku nyingine kwa faida ya mkulima," nikamwambia. "Yako imewahi?"

Akachukua kofia yake, akaivaa.

"Sasa kesho mbele ya wakulima nianze na nini, Mama Shamsia?"

Nikamwambia aanze na salamu.

Saa tano na robo usiku. Nazima taa, nalala. Yeye bado amekaa ukingoni mwa kitanda na kofia kichwani, midomo inajaribu maneno.