Ngoma Ilipotoka Kanisani

Ushirombo

Mwanangu Evance uliye machimboni Geita,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mimi mzima kama fahali.

Jumapili mkeo Anisia alimnyonyesha mtoto kanisani. Mzee wa kanisa akamwambia, "Toka nje, unatia aibu." Akatoka analia, akasema harudi tena. Nami nikabeba ngoma yangu nikamfuata. Kwaya ikabaki inaimba kama watu wenye usingizi.

Kule nje nikapiga polepole, mtoto akanyonya kwa mapigo yangu, mawingu yakapita kama ng'ombe wa marehemu baba. Nikawa kama naota. Padri akaja mlangoni.

"Babu, rudisha ngoma."

"Haiingii bila mama mtoto."

Tukaingia, mtoto angali ananyonya.

Nasikia umempigia simu mkeo kumgombeza. Njoo umgombeze kanisani, anakaa pembeni ya ngoma.

Baba yako, mpiga ngoma asiye na mwenzake,
Anatoli