Kibao Kimoja, Neno Moja

3 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila roho iko juu juu. Duka langu la kushona nafungua tarehe mosi Aprili na mlango hauna kibao. Niandikie neno moja tu: AHUENI. Wachora vibao huku wapo, lakini nautaka mkono wako. Najua tangu tumzike mama sijarudi. Usininyime kwa hilo.

Kitindamimba wako

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, mlalamishi kama mwenyewe. Kazi yangu unaijua: sipaki neno mpaka mwenye nalo anieleze amelitoa wapi. Hata muuza matairi nilimhoji. Hilo lako ni neno la mgonjwa. Kila jioni nikimuuliza mama yako, "Leo vipi?" alijibu, "Ahueni." Alinidanganya, nami kesho yake nikaenda zangu kazini. Chagua lingine.

Baba yako

17 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikizunguka meza, mkasi mkononi, nikaharibu kola ya mtu.

Ahueni ni mteja kuvua gauni linalombana, akavaa langu, akashusha pumzi. Ni viatu ukivivua mlangoni. Ni homa ya mtoto kushuka, nyumba nzima ikaanza kuongea tena.

Mama hakukudanganya. Mchana kutwa alijigeuzageuza kitandani akiniuliza saa ngapi. Akisikia unatua ndoo ya brashi uani, anatulia. Ulipouliza ulikuwa umeshaingia, kwa hiyo alisema kweli. Ningekwambia siku ya msiba, badala yake nikakimbia. Nisamehe.

Mwanao

27 Machi

Baba, shikamoo. Uko salama? Mlango bado mtupu. Kila mleta barua akipita naacha cherehani. Hata ukinigombeza nitapokea.

Mwanao

30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sikununa. Nimeirudia barua yako mpaka jirani kaniuliza kama nimeshtakiwa. Kibao nilikianza siku ileile. Nikachora herufi zote kwa chaki, nikapaka A, H, U, E. Hapo mkono ukanigomea. Unatetemeka tangu mwaka jana, sikutaka ujue. N na I bado ni chaki. Kukutumia hivyo siwezi, kumpa fundi mwingine siwezi. Brashi nimeziosha.

Baba yako

4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Ufunguzi nimeusogeza mbele. Barua hii inanitangulia siku moja tu. Hizo mbili nitazipaka mimi, wewe ukinisimamia na kunifokea. Usifute chaki. Ukinisikia uani, uniulize leo vipi.

Mwanao